Sura ya Sita: Taa Inayoshika Ilichoona

Chukua bomba la maji linalofanyiwa majaribio kiwandani. Kihisi cha presha kimefungwa ubavuni mwake, kompyuta inasoma presha hiyo mara 1,000 kwa sekunde, na kwenye skrini imechorwa taa nyekundu inayotakiwa kuwaka presha ikizidi baa 10. Mhandisi anaanzisha jaribio jioni, anakwenda kulala. Saa nane usiku vali moja inajifunga ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanagonga chuma, na presha inaruka hadi baa 14 kwa muda usiofika hata moja ya kumi ya sekunde. Kisha inatulia. Asubuhi mhandisi anafika, anatazama skrini, taa imezimika. Anaandika kwamba bomba limefaulu.

Taa ile haikudanganya. Presha ilipozidi iliwaka, na presha iliposhuka ikazimika. Tatizo ni kwamba mhandisi alikuwa na swali jingine kabisa. Taa ilikuwa inajibu: je, sasa hivi presha imezidi? Yeye alitaka kujua: je, presha imewahi kuzidi tangu nilipoondoka? Ukiyasikia haraka unaweza kudhani maswali haya ni mamoja, lakini kila moja linadai mtambo wake. La kwanza linajibiwa na waya peke yake. La pili halijibiki bila kumbukumbu, na kumbukumbu haiji yenyewe. Lazima mtu aamue itakaa wapi, nani ataijaza, na nani ana haki ya kuifuta.

Nimeipa kazi hii sura nzima kwa sababu wanaoanza kuprogramu kwa michoro karibu wote hukwama hapa, na wengi wanafundishwa namna ya kukwepa badala ya kufundishwa kinachotokea. Wanaelekezwa "weka hiki hapa, taa itabaki inawaka", na kweli inabaki. Baada ya hapo wanajenga mtambo wenye taa 40 na hawajui kwa nini mbili kati ya hizo zinajizima zenyewe.

Waya isiyo na jana

Lugha ambayo wengi hukutana na tatizo hili ndani yake ni LabVIEW. Iliundwa na National Instruments, kampuni ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1976 na James Truchard, Jeff Kodosky na Bill Nowlin, na ilitoka mara ya kwanza Oktoba 1986 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Kodosky, ambaye ndiye anayeitwa baba wa lugha hiyo, alitaka mhandisi wa maabara aunde programu kwa njia ambayo mkono wake tayari unaijua: kuchora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Kila programu ina pande mbili. Mbele kuna paneli yenye swichi, mita na taa, mfano wa uso wa chombo halisi cha kupimia. Nyuma kuna mchoro, na huo mchoro ndio programu yenyewe. Hakuna maandishi mengine yaliyofichwa chini yake.

Wazo la kuchora programu lilikuwapo kabla. Mwaka 1966 Bert Sutherland aliandika tasnifu yake ya udaktari huko MIT kuhusu kueleza hatua za kompyuta kwa michoro inayochorwa moja kwa moja kwenye skrini, na katika miaka ya 1970 Jack Dennis na wenzake, hapo hapo MIT, waliiendeleza nadharia ya mtiririko wa data. Kanuni ya nadharia hiyo ni fupi. Kisanduku kinafanya kazi pale tu data zote kinazozihitaji zinapokuwa zimefika. Kikimaliza, kinatoa jibu upande wa pili na kunyamaza. Hakijui kilifanya nini mara ya mwisho, wala waya haijui ilibeba nini.

Hii ni sifa kubwa. Mtu anayesoma mchoro wa namna hiyo anafuata waya kwa kidole na kuona kila kitu kinachoathiri jibu, bila kuogopa kwamba kuna kitu kilichohifadhiwa pembeni. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoizima taa ya mhandisi wetu. Kwenye mchoro wake, presha inaingia kwenye kisanduku cha kulinganisha, kisanduku kinatoa "kweli" au "si kweli", na jibu hilo linakwenda kwenye taa. Mara 1,000 kwa sekunde jibu jipya linafika na kulifuta la zamani. Zaidi ya hapo, LabVIEW kwa kawaida haichori upya paneli kwa kila thamani inayofika. Uso wa programu huchorwa kwa mwendo wake wenyewe, na thamani iliyopita haraka inaweza isionekane kabisa. Hata kama mhandisi angekesha mbele ya skrini bila kupepesa macho, huenda taa ingewaka na kuzimika bila yeye kuiona.

Kodosky alijua kwamba mtiririko mtupu wa data hautoshi. Ukichora waya inayotoka kwenye kisanduku na kurudi moja kwa moja kwenye kisanduku hicho hicho, unapata mchoro usioweza kuanza: kisanduku kinasubiri data, na data inasubiri kisanduku. Dawa yake ilikuwa fremu. Katika LabVIEW, kurudia kazi ni mstatili unaochorwa kuzunguka sehemu ya mchoro, na kila kilichomo ndani kinafanyika tena na tena hadi sharti la kusimama litimie. Kwenye kingo za fremu hiyo unaweza kuweka jozi ya pembetatu ndogo, moja kulia na moja kushoto. Hiyo ndiyo rejista ya kuhamisha. Thamani inayofika pembetatu ya kulia mwishoni mwa mzunguko mmoja inajitokeza kwenye pembetatu ya kushoto mwanzoni mwa mzunguko unaofuata.

Walinzi wa lango wana daftari la zamu. Anayeondoka anaandika yaliyotokea, anayeingia anasoma kabla ya kukaa. Mlinzi wa asubuhi hakuwapo usiku, lakini anajua gari gani liliingia saa nane, kwa sababu daftari limepita kutoka mkono hadi mkono. Rejista ya kuhamisha ni daftari hilo, na kila mzunguko wa kitanzi ni zamu moja.

Sasa taa inaweza kushika. Toa waya kwenye pembetatu ya kushoto, inayosema kama taa ilikuwa inawaka zamu iliyopita. Iunganishe kwa kisanduku cha AU na jibu la kulinganisha presha. Matokeo yapeleke sehemu mbili: kwenye taa, na kwenye pembetatu ya kulia ili zamu ijayo iyasome. Kwa maneno ya kawaida: taa iwake ikiwa presha imezidi sasa, au ikiwa ilikuwa inawaka tayari. Presha ikizidi mara moja tu, hata kwa moja ya elfu ya sekunde, "kweli" inaingia kwenye rejista na haitoki tena.

Haitoki tena kwa sababu bado hatujaweka njia ya kuitoa. Hilo tutalirudia, maana ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwanza niseme jambo kuhusu njia za mkato.

Ya kwanza ni ya bahati mbaya zaidi kuliko kukusudia. Mwanafunzi anaweka taa nje ya kisanduku cha masharti, na ndani anaandika: presha ikizidi, toa "kweli". Kwa upande mwingine, presha isipozidi, hajaandika kitu, akidhani kwamba kutosema kitu ni kuacha mambo yalivyo. LabVIEW inamwekea alama ya kosa mpaka waya ipate thamani upande huo pia, na yeye, ili alama iondoke, anachagua "tumia thamani ya kawaida kama hakuna waya". Thamani ya kawaida ya ndiyo-au-hapana ni "si kweli". Kwa hiyo upande alioudhani uko kimya unatoa amri ya kuzima taa kila mzunguko. Katika mtiririko wa data hakuna kunyamaza. Waya inayotoka kwenye fremu lazima ibebe kitu, na usipochagua wewe, lugha itakuchagulia.

Ya pili ni ya kukusudia, na inafundishwa sana: kuisoma taa yenyewe. LabVIEW inaruhusu kuunda kivuli cha taa ya paneli, yaani kigezo cha ndani, na kusoma kupitia hicho kama taa inawaka au la. Mtu anaunganisha kivuli hicho na AU, na taa inashika bila rejista. Kwa programu ya sehemu moja inafanya kazi. Mimi naipinga hata hapo. Taa ni mahali pa kuonyesha, na ukiifanya kuwa mahali pa kuhifadhi, siku moja mwenzako ataibadilisha taa hiyo kwa sababu za sura tu, au sehemu nyingine ya mchoro inayokwenda sambamba itaiandikia taa hiyo hiyo katikati ya kusoma na kuandika kwako. Hapo thamani inayobaki itategemea nani aliwahi. Kosa la namna hiyo halijirudii kwa utaratibu, na kulitafuta kunakula siku nzima. Kumbukumbu iwe na anwani moja, na taa iwe msomaji tu wa anwani hiyo.

Kitufe cha kijani na chekundu

Mafundi umeme walitatua haya kabla ya skrini kuwapo. Mwaka 1918 Waingereza wawili, William Eccles na Frank Wilfred Jordan, waliomba hataza ya saketi yenye mirija miwili ya elektroni iliyofungwa kwa namna ambayo ukiwaka mmoja unauzima mwingine, na hali hiyo inabaki hadi mpigo mwingine uje kuigeuza. Waya za kurudi nyuma, kutoka tokeo la kila mrija hadi ingizo la mwenzake, ndizo zilizoshika hali. Ndani ya kompyuta za leo kazi hiyo hiyo inafanywa na transista kwa mamilioni.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na msomaji kuliko mirija ya Eccles. Fungua kisanduku cha stata ya pampu ya umeme, iwe ya kisima cha kijiji au ya kiwanda cha chai. Utakuta vitufe viwili, kijani na chekundu, na kontakta. Ukibonyeza kijani, mkondo unapita kwenye koili ya kontakta, koili inavuta chuma, kontakti kubwa zinafunga na mota inapata umeme. Pamoja na zile kubwa kuna kontakti moja ndogo ya pembeni, iliyounganishwa sambamba na kitufe cha kijani. Nayo inafunga. Ukiachia kitufe, mkondo haukatiki, kwa kuwa sasa una njia ya pili kupitia kontakti hiyo ndogo. Kontakta inajishikilia. Ni AU ile ile tuliyoichora kwenye LabVIEW: mota izunguke ikiwa kijani kimebonyezwa, au ikiwa ilikuwa inazunguka.

Kitufe chekundu kimekaa mfululizo na yote hayo, na kwa kawaida kimefunga. Ukikibonyeza kinakata njia zote mbili, koili inaachia, na hata ukiondoa kidole mota haianzi tena. Waya ya kitufe chekundu ikikatika kwa kuliwa na panya, mota inasimama pia. Aliyepanga hivyo alifikiria vizuri: uharibifu wa njia ya kuzima unapaswa kuzima.

Halafu kuna umeme kukatika. Gridi ikianguka, koili inaachia. Umeme ukirudi baada ya saa mbili, mota inabaki imesimama hadi mtu abonyeze kijani. Katika nchi zetu, ambako fundi anaweza kuutumia muda wa giza kusafisha mashine, mikono yake ikiwa ndani, usahaulifu huo unaokoa vidole na maisha. Kontakta imepewa kumbukumbu inayodumu mradi umeme upo, si zaidi, na kwa mota huo ndio urefu sahihi wa kumbukumbu.

Kwa taa ya hatari urefu sahihi ni mwingine. Kama presha ilivuka kikomo saa nane usiku na umeme ukakatika saa tisa, mhandisi wa asubuhi bado anastahili kuikuta taa inawaka. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha lugha za vidhibiti vya viwandani, IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kinamwezesha mwandishi kutangaza ni vigezo vipi vitunzwe umeme ukikatika. LabVIEW nayo ina undani wake hapa. Rejista usiyoipa thamani ya kuanzia inabaki na ya mwisho iliyokuwa nayo mara ya awali programu ilipoendeshwa, ilimradi programu haijaondolewa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Wapo wanaoitumia tabia hiyo kwa ustadi, na wapo inaowavuruga: jaribio la leo linaanza na taa nyekundu iliyowashwa na jaribio la jana. Kama huitaki, unganisha "si kweli" kwenye pembetatu ya kushoto kutoka nje ya fremu. Kama unaitaka, andika kando ya mchoro kwamba umeitaka.

Vidhibiti hivyo vya viwandani, vinavyojulikana zaidi kwa herufi PLC, vilizaliwa vikiwa na mchoro wa kontakta kichwani mwao. Dick Morley aliandika wazo lake tarehe 1 Januari 1968, na kifaa kilichotokana nalo kiliitwa Modicon 084. Kiliprogramiwa kwa michoro ya ngazi, yenye vidato vya kontakti na koili, kwa sababu mafundi wa viwanda vya magari walikuwa wameshazoea kusoma michoro ya rilei. Kidato cha kitufe cha kijani na kontakti yake ya kujishikilia kilihamia ndani ya PLC karibu bila kubadilika.

IEC 61131-3 inatoa pia visanduku viwili vilivyo tayari vya kushika hali: SR na RS. Vinatofautiana kwa jambo moja tu. Amri ya kuwasha na amri ya kuzima zikifika kwa pamoja, SR inawasha na RS inazima. Nimeona watu wakichagua kati yao kwa kubahatisha, na jambo hili linaniuma, kwa sababu hapo ndipo usalama wa mtambo unapoamuliwa. Stata yetu ya pampu ni RS: bonyeza kijani na chekundu kwa wakati mmoja, mota haizunguki. Kwa chochote kinachosogea, kuzima kushinde. Kwa taa ya hatari ni kinyume chake. Ikiwa presha bado iko baa 14 na mtu anabonyeza kitufe cha kufuta, taa isizimike, kwa kuwa anachojaribu kufuta bado kipo. Taa ya hatari iwe SR.

Kwenye mchoro wa LabVIEW tofauti hiyo ni mpangilio wa visanduku viwili. Chukua hali ya zamani, ipitishe kwenye NA pamoja na kinyume cha kitufe cha kufuta, kisha matokeo yaingie kwenye AU pamoja na presha: umepata SR, presha ndiyo yenye neno la mwisho. Geuza mpangilio, AU kwanza na NA baadaye, umepata RS, na kitufe kinaweza kunyamazisha hatari iliyo hai. Waya ni zile zile. Mtazamaji wa haraka hataona tofauti.

Kitufe chenyewe kina tatizo letu kwa upande wa pili. Kitanzi kikizunguka mara moja kwa sekunde na mtu akabonyeza na kuachia katikati, programu haitaona kitu. LabVIEW inatoa tabia sita za kitufe, tatu za kubadili na tatu za kushika, na kwa kufuta taa inafaa ile ya kushika baada ya kuachiwa: mbonyezo unasubiri hadi programu iusome, ukishasomwa kitufe kinarudi chenyewe. Usomwe mara moja, sehemu moja. Ukisomwa sehemu mbili, wa kwanza atapata "kweli" na wa pili atapata "si kweli", na ndiyo sababu LabVIEW inakataa kabisa kuendesha programu yenye kivuli cha kitufe cha tabia hiyo. Ukitumia badala yake swichi inayobaki chini, amri ya kufuta inabaki hai siku nzima bila mtu kujua.

Nani amekwisha kuiona

Kwenye vyumba vya kuongozea mitambo mikubwa, taa inayowaka na kubaki haikutosha. Mwendeshaji mwenye vidirisha 60 vya taa ukutani anahitaji kutofautisha hatari mpya na ile aliyokwisha kuiona. Chama cha wataalamu wa vyombo vya kupimia cha Marekani, ISA, kilipanga taratibu hizo katika kiwango ISA-18.1 cha mwaka 1979. Katika utaratibu wa msingi, hatari ikitokea kidirisha kinamweka na honi inalia. Mwendeshaji akibonyeza kitufe cha "nimeona", honi inanyamaza na taa inatulia, ikiendelea kuwaka. Hatari ikiisha taa inazimika yenyewe. Katika utaratibu mwingine haizimiki hadi mtu aifute kwa mkono. Katika wa tatu, hatari ikiisha kidirisha kinaanza kumweka tena polepole na sauti nyingine inalia, ili kurudi kwa usalama nako kushuhudiwe.

Kila kidirisha hapo kina kumbukumbu mbili: je, imetokea, na je, imeonwa. Anayetaka kuichora kwenye LabVIEW ataweka rejista mbili, au bora zaidi, rejista moja inayobeba jina la hali: kawaida, mpya, imeonwa, imepita. Mimi napendelea ya pili. Ukiwa na majina huwezi kwa bahati mbaya kutengeneza mchanganyiko usio na maana, kwa mfano hatari ambayo haijatokea lakini imeonwa.

Mwaka huo huo wa 1979, tarehe 28 Machi, saa kumi alfajiri, pampu za kulisha maji kwenye kinu cha pili cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, zilisimama. Presha ilipanda, vali ya kupunguza presha ikafunguka kama ilivyotakiwa, na sekunde chache baadaye mtambo ukaipa amri ya kujifunga. Vali ilikwama ikiwa wazi. Kwenye paneli, taa yake ilizimika.

Taa hiyo iliunganishwa na umeme wa koili inayoifungua vali. Iliwaka koili ilipopata umeme, ikazimika umeme ulipokatwa. Hapakuwa na kihisi kwenye vali yenyewe. Waendeshaji waliiona taa imezimika wakaamini vali imefunga, na maji ya kupoza kinu yakaendelea kuvuja kwa zaidi ya saa mbili, hadi saa kumi na mbili na dakika 22, ilipofungwa vali nyingine ya kuzuia. Wakati huo alamu zaidi ya 100 zilikuwa zimelia katika dakika za mwanzo peke yake, bila namna ya kuzinyamazisha zisizo na uzito ili zenye uzito zisikike. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Tume iliyochunguza iliongozwa na John Kemeny, mwanahisabati ambaye mwaka 1964, pamoja na Thomas Kurtz, aliunda lugha ya programu ya BASIC kwa wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth. Ripoti yake ilitazama mafunzo ya waendeshaji, taratibu za kazi, mpangilio wa chumba cha kuongozea na tabia ya wasimamizi wa sekta nzima, na haikumwachia mtu mmoja wala chombo kimoja lawama yote.

Ninaiweka habari hii katika sura ya taa za kuchorwa kwa sababu kosa lile linafanyika kila siku kwenye michoro yetu, kwa hatari ndogo zaidi lakini kwa namna ile ile. Mwanafunzi anachora kitufe cha kufungua vali, anaingiza jibu la kitufe kwenye rejista, na kutoka kwenye rejista anavuta waya mbili: moja kwenda kwenye vali, nyingine kwenda kwenye taa ya kijani iliyoandikwa "WAZI". Rejista inashika kikamilifu. Mantiki ni safi. Na taa inaripoti amri aliyoitoa yeye mwenyewe, si hali ya vali. Kumbukumbu yenye anwani nzuri na haki nzuri za kufuta haina thamani kama kinachoingia ndani yake ni nia ya mtu.

Vali ya viwandani iliyofungwa kwa uangalifu ina swichi mbili za kikomo, moja inayoguswa ikiwa wazi kabisa na nyingine ikiwa imefunga kabisa. Zinatoa hali nne. Ya kwanza tu imeguswa: wazi. Ya pili tu: imefunga. Hakuna iliyoguswa: iko njiani, na ikikaa njiani zaidi ya sekunde zilizowekwa imekwama. Zote mbili zimeguswa: haiwezekani kwa vali nzima, hivyo swichi au waya ina kasoro. Taa ya ndiyo-au-hapana haina nafasi ya kuyasema haya. Kwa hiyo kwenye mchoro rejista ibebe jina badala ya "kweli" na "si kweli", amri ya mwendeshaji ionyeshwe kando kwa alama yake, na jina la kuanzia, kabla kihisi chochote hakijasomwa, liwe "haijulikani", kwa rangi ya kijivu.

Wengi huweka "imefunga" kama jina la kuanzia, kwa kuwa ndivyo vali inavyokuwa kwa kawaida. Kwa nusu sekunde ya kwanza baada ya programu kuanza, paneli inatoa habari ambayo hakuna aliyeipima. Kihisi kikiwa kimechomoka, nusu sekunde hiyo inageuka kuwa mwezi mzima. Kabla ya kukabidhi mchoro wa namna hii kiwandani, chomoa waya za swichi zote mbili moja baada ya nyingine programu ikiwa inaendelea, zima kompyuta na kuiwasha tena, na kila mara soma jina lililo kwenye taa ukiwa umesimama mahali ambapo unaiona vali yenyewe.